Sahani za Brühl: Tusifu Weupe, Si Nembo

Vyombo vya kaure vya makabaila wa Ulaya vikitajwa, watu husifu dhahabu, maua na nembo za koo. Naona sifa hizo zinakwenda pasipostahili. Chukua Seti ya Batamaji, iliyotengenezwa Meissen, Saksonia (sehemu ya Ujerumani ya leo), kati ya 1737 na 1742, kwa ajili ya Heinrich von Brühl, waziri mwenye nguvu wa Augustus III, mtawala wa Saksonia na mfalme wa Poland. Ni vyombo zaidi ya 2,200, vya kuandalia watu 100. Brühl mwenyewe ndiye aliyekisimamia kiwanda cha Meissen, na mfalme alimruhusu kujichukulia kaure bila kulipa. Nembo yake na ya mkewe imepakwa ukingoni mwa sahani, na kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote.

Tazama katikati. Johann Joachim Kaendler, mfinyanzi mkuu wa kiwanda hicho, akisaidiwa na Johann Friedrich Eberlein, aliufinyanga uso wa sahani ukawa kombe la baharini, mifuo yake ikitawanyika hadi ukingoni. Juu ya mifuo hiyo wanaogelea batamaji wawili, korongo yuko kando yao, matete yamewazunguka. Vyote ni vyeupe juu ya weupe, vimeinuka kidogo tu, na mlaji hakuviona mpaka chakula kilipopungua! Kabla ya kufinyanga, Kaendler alikwenda Dresden kuchunguza makombe halisi.

Kazi hiyo haina msamaha. Kaure hupungua kwa takriban moja ya sita ikichomwa, na moto wake mkali zaidi hukaribia nyuzi 1,400 za Selsiasi. Sahani ikipinda tanurini, basi tena. Rangi ya kung'arisha ikiwa nzito, manyoya ya batamaji yanazama.

Hata huo weupe una mwenyewe. Johann Friedrich Böttger, mmoja wa waliogundua siri ya kaure hiyo mnamo 1708, alikuwa mfungwa wa baba yake Augustus III, aliyeshikiliwa kwa sababu alidai anaweza kutengeneza dhahabu. Alifariki 1719 akiwa na miaka 37. Jina lake lilistahili ukingo ule kuliko la waziri.

Ninalo ombi kwa wenye makumbusho. Sahani hizi zikisimamishwa wima na kumulikwa usoni, batamaji hupotea, ikabaki nembo. Zilazeni, taa itoke ubavuni, na kibao kimtaje Kaendler kabla ya Brühl.