Kilomita ni kitu kimoja, masaa ni kingine

Jamani mwandishi, kwenye makala yako ya muda wa safari za ndege, hiyo hesabu ya kuchukua kilomita 15,300 za Singapore hadi New York ukagawanya kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa ukapata saa 17 basi kwisha habari, haiko hivyo. Muda wa ratiba unaanza ndege ikitoka getini sio ikipaa, kuna kujikokota kwenye lami mpaka zamu yenu ifike, ndo maana tiketi inaandika zaidi ya saa 18. Halafu upepo! London kwenda New York ni kama saa 8, kurudi 7 tu na siku nyingine pungufu, sababu kule juu kuna upepo mkali unatoka magharibi kwenda mashariki, rubani akiupata mgongoni anashukuru. Siasa nayo, Helsinki hadi Tokyo ilikuwa saa 9 na kitu, tangu 2022 Urusi izifungie anga yake ndege za Ulaya, zinaizunguka nchi hiyo mpaka safari inafika kama saa 13, na viwanja havijasogea hata mita moja. Na nyie mnaotoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, badilisheni kwanza zote ziwe UTC, ile saa moja ya pamoja ya dunia nzima, la sivyo mtakuta mmefika kabla hamjaondoka 😂