Bi Harusi Wako wa Kwanza Mpige Picha Asubuhi, Machweo Yasubiri

Mpiga picha mpya wa Kisumu akipata bi harusi wa kwanza kumpiga picha nje, wazo linalomjia mbele ya mengine yote ni ufukwe wa Dunga jioni: jua jekundu, mtumbwi kwa nyuma, shela ikipepea. Picha hiyo ikikubali inapendeza, sibishi. Ila kwa anayeanza ni mtego. Maoni yangu ni kwamba kikao cha kwanza kifanywe asubuhi, kivulini, na kwa siku isiyo ya harusi yenyewe.

Anza na hesabu ya jua. Kisumu iko kusini kidogo tu mwa ikweta, na huku jua halizami kwa mshazari kama nchi za mbali na ikweta. Linashuka karibu wima, nyuzi 15 kila saa. Mwanga ule wa dhahabu huanza likiwa kama nyuzi 10 juu ya upeo wa ziwa. Una dakika 40 basi, na zile tamu kabisa hazifiki 25. Katika muda huo mwanga unapungua kila dakika chache, kwa hiyo kipimo ulichoweka sasa hivi hakifai tena ukishamaliza kupanga mkia wa gauni. Mtu ambaye bado anautafuta mpangilio wa ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) kwenye menyu ya kamera ataondoka na picha nne zinazofaa, na nyingine zote uso ni giza na anga ni jeupe kama karatasi.

Halafu jioni ya Kisumu ina mambo yake. Miezi ya mvua, mawingu hujikusanya mchana na kumwaga saa zile zile ulizopanga. Upepo wa ziwani unaoanza kabla ya adhuhuri huwa na nguvu alasiri, na rifleketa (ubao wa kurudishia mwanga) ya sentimita 110 hugeuka tanga mikononi mwa msaidizi. Wadudu wadogo wa ziwani wakitoka, wanatoka kwa makundi na kunata kwenye mekapu mbichi. Na upande wa Hippo Point, kiboko hutoka majini kula nyasi giza linapoingia. Mtu aliyevaa gauni lenye mkia wa mita mbili hawezi kukimbia.

Asubuhi mambo ni mengine. Jua huchomoza karibu saa 12:30, linatangulia au kuchelewa kidogo kulingana na mwezi. Kuanzia saa 1:15 hadi saa 3:00 una karibu saa mbili za mwanga mtulivu, na upepo bado ni mwepesi. Jua liko upande wa nchi kavu, hivyo ziwa na miti ya ng'ambo vinaangaziwa na kuonekana na rangi zake. Jioni vitu hivyo hivyo huwa vivuli tu. Gharama yake ni usingizi: mekapu ya bi harusi huchukua saa moja na nusu hadi mbili, kwa hiyo mrembaji aanze saa 11 alfajiri. Mwambie wiki nzima mapema, wala usimwambie kupitia bi harusi. Mpigie wewe mwenyewe.

Kwa nini isiwe siku ya harusi? Kwa sababu siku hiyo muda wa picha ni ule kati ya kanisani na ukumbini, wageni wamekaa chini ya hema wakinusa pilau, MC anajaza dakika kwa vichekesho, na dereva wa msafara anapiga honi. Hapo anafaa mtu aliyezoea. Siku ya peke yake inakupa nafasi ya kurudia. Kuna jambo moja la kuulizia: gauni likiwa la kukodi, siku ya ziada inalipiwa na dhamana hukatwa likirudi na madoa. Kubalianeni nani anabeba gharama hiyo kabla hata ya kutaja mahali.

Sasa kivuli, maana hapa ndipo penye kazi. Kamera haioni kama jicho. Mwanga hupimwa kwa stopu, na kila stopu ni mara mbili ya iliyotangulia. Ngozi ya kahawia iliyokolea ikae kama stopu moja chini ya kijivu cha kati (mwangaza ambao kamera huuona kuwa wa wastani), na gauni jeupe kama stopu 2 juu yake. Tayari kuna pengo la stopu 3 kati ya shavu na lesi. Kamera ya kawaida inalimudu pengo hilo vizuri. Mpeleke bi harusi juani na jua linaongeza stopu 3 nyingine kati ya upande unaopigwa na upande usiopigwa. Hapo ndipo lesi inaungua ikawa doa jeupe lisilo na nyuzi, huku macho yakizama gizani. Si lenzi mbovu, wala si kamera ya bei rahisi.

Kivuli chenyewe si cho chote tu. Kivuli cha mti wenye majani machache kinamwaga madoa ya jua usoni, na hayo hayafutiki kwenye kompyuta bila kumharibu mtu. Kivuli kizito cha mwembe hakina madoa, lakini mwanga wake umepita kwenye majani na kudunda kwenye nyasi, ukamfikia bi harusi ukiwa wa kijani. Utaona chini ya kidevu na kwenye mikunjo ya gauni. Udongo mwekundu hufanya vivyo hivyo kwa rangi yake. Kuta za maduka zilizopakwa rangi ya kampuni za simu ni balaa. Unachotaka ni varanda au ukuta wa rangi hafifu, sakafu ya saruji, na uwanja mpana ulio wazi mbele yake. Bi harusi asimame hatua moja ndani ya mpaka wa kivuli, akitazama nje kwenye anga. Asiingie ndani zaidi, kwa sababu kila hatua ya kurudi nyuma inamnyima mwanga na kuzima mng'ao wa macho.

Kabla bi harusi hajafika, jaribu mahali hapo kwa ngumi yako. Nyosha mkono, kunja ngumi, zunguka polepole hapo ulipo na utazame vifundo vya vidole. Kuna upande vifundo vitakuwa na vivuli vikali, na kuna upande vitalainika huku upande mmoja ukiwa na mwanga kidogo kuliko mwingine. Uso wake uelekee huo. Ni jaribio la nusu dakika na halihitaji kifaa.

Vipimo vya kuanzia kwenye kivuli cha namna hiyo saa 2 asubuhi: ISO 200, f/2.8 (tundu la lenzi, na namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa), kasi ya shata 1/500 ya sekunde. Ukiwa na lenzi ya 18–55 iliyokuja na kamera, ambayo ukiivuta hadi 55 inafunguka f/5.6 tu, panda hadi ISO 800 na kasi ibaki pale pale. Tumia modi ya M, ile ya kuweka vipimo mwenyewe, kwa sababu modi za otomatiki zinadanganywa na gauni. Likijaa kwenye fremu, kamera inadhani kuna mwanga mwingi na kuupunguza, nao uso unaingia giza. Ukisogea karibu uso ukajaa, inafanya kinyume chake, na lesi inaungua. Picha tano mfululizo, mwanga wa aina tano, na bi harusi hajasogea.

Washa onyo la sehemu zilizoungua, lile linalopepesa kwenye skrini, kisha piga gauni peke yake kwa karibu. Likipepesa, punguza mwanga kidogo kidogo hadi liache, uache hapo. Ukikuza picha hiyo uhesabu maua ya lesi na kuona uzi unaoyaunganisha, uko salama. Uso ukionekana bado mzito, msaidizi alete upande mweupe wa rifleketa kwa chini, usawa wa kiuno, mita moja hivi. Upande wa fedha ni mkali na unamfanya akunje macho. Wa dhahabu unaligeuza gauni rangi ya siagi. Shuka jeupe lililoshikwa na watu wawili linafanya kazi ile ile bila senti. Wala usiihukumu picha kwa mwangaza wa skrini, kwa sababu nje skrini daima inaonekana hafifu, soma histogramu, ile chati ya mwanga kwenye kamera.

Piga faili za RAW, yaani picha ghafi ambazo kamera haijazichakata. Mizani ya weupe (mpangilio wa rangi ya mwanga, unaopimwa kwa kelvini, K) iweke kwenye alama ya kivuli au karibu 7000K, usiiache otomatiki, la sivyo utakaa usiku ukisawazisha gauni la buluu hapa na la manjano pale.

Kuhusu lenzi nitakuwa mkali: ya 50mm f/1.8 inatosha, na usiifungue hadi mwisho. Kwenye kamera yenye kihisi kidogo (kile kipande kinachopokea mwanga), ukiwa mita moja na nusu kutoka kwake, f/1.8 inakupa kina cha fokasi, yaani sehemu inayotoka kali, cha karibu sentimita 6. Akigeuza uso kidogo, jicho moja linakuwa kali na la pili limefifia. f/2.8 inakupa kama 10. Fokasi iwe nukta moja, juu ya jicho lililo karibu nawe. Shela ikifunika uso, kamera itang'ang'ania nyuzi za shela. Hapo zungusha fokasi kwa mkono. Flashi iache nyumbani siku hiyo. Nayo ina hesabu zake, na poda nyingine za mekapu huipokea kwa doa jeupe chini ya macho.

Pesa uliyotaka kununulia lenzi ya pili mlipe msaidizi. Awe mwanamke, ikiwezekana mtu wa kwao, shangazi au dada, kwa sababu kuna kurekebisha mikanda, kubana gauni mgongoni kwa vibanio na kushika mkia. Mfuko wake uwe na pini, vibanio sita, tishu za kugusia jasho bila kusugua, poda, maji ya kunywa na ya kurushia shada la maua, na malapa. Malapa si utani: kisigino chembamba kinazama kwenye nyasi zilizolowa umande, na picha nyingi hazionyeshi miguu hata kidogo.

Chini ya gauni tandaza shuka kuukuu au karatasi ya plastiki, kisha lifunike kwa pindo lisionekane. Umande wa asubuhi unapanda kwenye kitambaa haraka kuliko unavyodhani, na udongo mweusi wa huku ukikauka kwenye tulle (kitambaa cha wavu) ni kesi na mwenye duka. Kagua nyasi pia kwa kishona nguo. Vile vimiba ukivichomoa kwenye lesi vinaondoka na nyuzi. Na wazo la kumtia miguu ziwani, gauni limekunjwa hadi magotini, likatae hata akiomba yeye: maji ya Ziwa Victoria yana kichocho.

Mkao hauhitaji kitabu. Uzito kwenye mguu wa nyuma, goti la mbele limelegea, viwiko mbali kidogo na kiwiliwili ili kiuno kionekane. Shada lishuke usawa wa kitovu. Woga unalipandisha hadi kifuani, nalo linaficha kazi yote ya fundi. Kidevu mbele kisha chini kidogo. Picha ya mwili mzima, piga magoti hadi kamera iwe usawa wa kiuno chake, maana ukipiga kutoka juu unamfupisha miguu. Mstari wa ziwa usipite shingoni. Na mwelekeze kwa mdomo na kwa kuonyesha mwenyewe, "dada, fanya hivi". Mikono yako isimguse, hiyo ni kazi ya shangazi.

Mahali, omba ruhusa mapema. Kisumu Impala Sanctuary iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori, kuna kiingilio, na ueleze langoni kwamba ni kikao cha picha. Ukiingia, mfuko wa vitafunio usiachwe wazi maana tumbili wapo. Ufukweni Dunga zungumza na wenyeji wanaosimamia. Pita siku moja kabla, kwa sababu gugumaji husukumwa na upepo na maji uliyoyaona wazi wiki jana yanaweza kuwa shamba la kijani. Droni bila leseni ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, sahau.

Kwa saa moja na nusu utapiga kati ya picha 300 na 400. Faili ya RAW ya kamera ya megapikseli 24 ni kama MB 25 hadi 30, kwa hiyo kadi ya GB 32 inatosha. Beba mbili, na betri mbili. Ukifika nyumbani nakili sehemu mbili tofauti kabla ya kufuta kadi. Chagua 40, si 200. Za kuchapisha kwa A4 ziwe na angalau pikseli 2480 kwa 3508, na za simu zitume WhatsApp kama dokumenti, kwa sababu zikitumwa kama picha zinabanwa na ile lesi uliyoihangaikia inakuwa ukungu.

Kuziweka mtandaoni ni mazungumzo mengine. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 picha ya mtu anayetambulika ni data yake binafsi, kwa hiyo pata kibali chake kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi. Kikao kikiwa kabla ya harusi, uliza pia kama bwana harusi ameshaliona gauni. Kama hajaliona, hakuna kupandisha hata moja, wala kuiweka stetasi, hadi watoke kanisani.