Sala isiwe tikiti ya kuingia uwanjani

Mwezi wa nane uliopita nilikuwa Chingola, upande wa Zambia, wiki nzima, kwenye kambi ya michezo ya vijana iliyoandaliwa na parokia ya kule. Tulitoka Katuba, mtaa wa Lubumbashi huku Kongo, watu sita. Kutoka Lubumbashi mpaka mpakani Kasumbalesa ni kama kilomita 90 tu, lakini ukishagongewa muhuri kwenye pasipoti, uko ugenini. Magari yanapita kushoto, shule ni za Kiingereza, na Kifaransa chako hakina kazi. Kilichotuokoa ni Kibemba tulichokisikia kwa bibi zetu. Watoto walitupokea kwa "mwaiseni". Jioni tukala ubwali, yaani ugali, ambao sisi ni bukari, tukanywa munkoyo, kinywaji cha mahindi, kama wa nyumbani.

Huku kwetu wengi wanadhani mtu wa kujitolea nje ya nchi lazima ashuke kwenye ndege kutoka Ulaya. Mimi naamini kijana wa Katuba, au wa Kenya, mtaa wetu mwingine wa Lubumbashi, anafaa sana kwa kazi hiyo kule Copperbelt, mkoa wa Chingola. Nilipowaambia watoto natoka mji wa Mazembe, klabu yetu ya mpira, walinizunguka. Wanajua kwamba Stoppila Sunzu, aliyepiga penalti ya mwisho Zambia ilipochukua Kombe la Afrika 2012, alikuwa mchezaji wetu. Rainford Kalaba, Mzambia mwingine aliyechezea Mazembe, wanamjua vizuri kuliko mimi. Wasichana wao wanamtaja Barbra Banda, mshambuliaji wa Zambia, nami nikawasimulia jinsi dada zetu wa Mazembe walivyobeba kombe la klabu bingwa Afrika la wanawake 2024. Mgeni wa mbali angehitaji siku tatu kuzoeana nao hivyo.

Lakini kuna jambo limenikaa moyoni tangu nirudi, na ndilo lililonifanya niandike.

Kambi ilikuwa na sheria moja. Saa mbili asubuhi ni sala na neno la Mungu, kisha zinagawiwa fulana za mazoezi. Aliyekosa sala hapati fulana, na asiye na fulana hachezi siku hiyo. Kazi ya kugawa nilipewa mimi. Niliikubali bila kuuliza, kwa sababu nilitaka kuwa mtiifu.

Siku ya kwanza akaja mvulana, labda miaka 11, tulipokuwa tumemaliza kugawa. Alikuwa anahema. Nilimwambia kesho awahi. Hakubisha. Akaenda kukaa nyuma ya goli, na kila mpira uliopotea majanini aliukimbilia akaurudisha, mpaka saa sita mchana. Siku ya pili ikawa vilevile: amechelewa, nimekataa, amekaa nyuma ya goli. Siku ya tatu hakuja.

Kocha wa pale ni baba mtu mzima, anafanya kazi mgodini kwa zamu na kufundisha watoto wakati wake wa kupumzika. Ndiye aliyeniuliza yuko wapi yule mtoto wa nyuma ya goli. Nilimweleza sheria. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba asubuhi mtoto yule humsaidia mama yake kubeba mboga hadi sokoni, na kwamba nyumbani kwao wanasali dhehebu lingine. Hakunigombeza hata kidogo, na hilo liliniuma zaidi.

Najua watakaonijibu, na ni watu ninaowaheshimu. Watasema: nauli yenu ilitoka kwenye sadaka, waumini walitoa ili Injili ifike, hawakutoa ili watoto wacheze tu. Ni hoja nzito. Mama aliyetoa faranga zake za mauzo ya sombe, majani ya muhogo, ana haki ya kujua zimefanya nini. Lakini ningependa mama huyo huyo aje nyuma ya lile goli, amwone mtoto wa mama mwenzake, muuza mboga kama yeye, halafu aniambie kama hiyo ndiyo Injili aliyoichangia.

Don Bosco, padri Mwitaliano ambaye watawa wa shirika lake, Wasalesiani, walifika mji wetu 1911, alipoanzisha nyumba yake ya vijana Valdocco, Turin, mwaka 1846, aliwapokea vibarua wa ujenzi na vijana wa barabarani. Malezi yake aliyajenga juu ya mambo matatu: akili, dini na upendo. Dini imo, tena katikati. Lakini wale vijana waliukuta uwanja wazi, na sala waliikuta humo humo, kati ya michezo na watu waliowapenda.

Na sisi wa Lubumbashi tuna ushahidi mlangoni. Watawa Wabenedikto ndio walioanzisha timu kwa ajili ya vijana mwaka 1939, wakaiita Saint-Georges. Leo hiyo ndiyo Mazembe. Jina la mtakatifu limeondoka, wakati Lupopo, klabu nyingine ya mji wetu, watoto wa reli, bado wanalo la kwao, Saint-Éloi, msimamizi wa mafundi chuma. Nenda uwanja wa Mazembe, Kamalondo, siku ya mechi: Mkatoliki, Mmethodisti, Mwislamu, Mkimbangu wa kanisa la Simon Kimbangu, wote bega kwa bega. Sidhani watawa wale walipoteza kitu kwa kuwapa watoto mpira ambao baadaye mji mzima uliuchukua.

Siku ya nne kocha alimfuata mtoto nyumbani kwao. Walikuja pamoja, sala ikiwa imekwisha zamani. Nilimwekea fulana pembeni kabla hajafika. Nilimwomba msamaha kwa Kibemba changu kibovu, naye akaangalia chini, akaivaa, akaingia. Anacheza winga ya kushoto na ana mbio sana.

Parokia yetu inapanga kurudi mwaka huu. Nimemwandikia padri wetu na kamati ya vijana, na nimeongea na yule kocha kwa simu, kwa sababu uwanja ni wake na sisi tutakuwa chini yake. Nimeomba fulana zigawiwe kwa kila mtoto anayefika, saa yoyote afike. Sala iwe saa nne, wakati wa kunywa maji, pale pale kwenye majani, mipira ikiwa kati yetu. Anayetaka kusali atasali nasi, na anayesali kwingine atakaa nasi na kikombe chake. Kocha amekubali. Kamati inakutana Jumapili baada ya misa ya pili.