Mapanki ni nini hasa?

Nilikulia Igogo, jijini Mwanza, na nyumbani tulikula mapanki mara mbili tatu kwa wiki. Kwa asiyelijua neno hili: panki ni kichwa na mifupa ya sangara baada ya kiwanda kuondoa minofu. Mama aliyakaanga yakakauka vizuri, akayakamulia ndimu, na sisi watoto tukagombea kichwa kwa ajili ya nyama ya mashavuni. Sikuwahi kudhani ni chakula cha kuonewa huruma.

Mwaka 2004 ikatoka filamu ya mtengenezaji kutoka Austria kuhusu sangara wa Mwanza, ikateuliwa hata kuwania tuzo ya Oscar. Humo minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, mapanki yenye funza yanabaki kwetu. Mwaka 2006 Rais Kikwete akaikemea hadharani. Neno mapanki likasambaa nchi nzima kwa maana moja tu, njaa. Binamu yangu wa Dar alinipigia simu kuniuliza, kwa upole kabisa, kama kweli tunakula vitu vile. Iliniuma, na inaniuma bado, kwa sababu sikuweza kumjibu kwamba ni uongo. Walikuwepo waliokula yale kwa kukosa kingine. Lakini sahani ya mama haikuwemo kwenye picha, na binamu hakuwa na namna ya kujua kwamba ipo.

Mfuate mwanabiolojia, utasikia habari nyingine. Kwake sangara ni mgeni aliyepandikizwa Ziwa Victoria upande wa Uganda miaka ya 1950, akazagaa miaka ya 1980, akamaliza furu wengi, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, walikuwa kwenye Ghuba ya Mwanza tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, ndiyo maana baadhi ya furu wale waliandikwa kabla hawajatoweka. Nawashukuru kwa dhati. Babu alikuwa akisema tu "furu wamekwisha", bila majina ya kuwatofautisha waliopotea.

Mchumi atakutajia tani za minofu na fedha za kigeni. Mapanki kwenye hesabu zake ni mabaki.

Hapo ndipo ninapogombana nao wote, pamoja na kuwaheshimu. Kila mmoja anachukua minofu anayoitaka na kuacha panki, na kwenye panki ndiko tulikokuwa sisi: kina mama wakaangaji, wasukuma mikokoteni, wateja wa jioni. Tumesomwa sana na kuulizwa kidogo.

Nyegezi kuna chuo cha uvuvi, na huko huko kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kinachofundisha uandishi wa habari. Natamani wanafunzi wa pande zote mbili wapewe kazi moja ya muhula: washuke pamoja soko la samaki la Mwaloni Kirumba alfajiri, wamfuate sangara mmoja tangu anaposhushwa hadi panki lake linapofika kwenye karai la mafuta, kisha waandike pamoja, na yule mkaangaji asomewe kabla haijachapishwa.