Huruma peke yake haizuii watu kuumizana

Kila uchaguzi ukikaribia hapa Zanzibar utasikia tuoneane huruma, tujitie kwenye nafasi ya mwenzetu na fujo zitaondoka, na mie sipingi, ila naona tunaibebesha huruma mzigo isiouweza.

Wanaoitetea wana hoja. Pemba baada ya uchaguzi wa 1995 watu walifika hadi kutozikana, duka la mtu wa chama kile halinunuliwi, na ukishafika hapo jirani si mtu tena ni chama tu, kumpiga kunakuwa kitu kidogo. Na Novemba 2009 Rais wa Zanzibar Amani Karume wa CCM na Maalim Seif, kiongozi wa upinzani wa CUF, walipokaa wakazungumza, uchaguzi wa 2010 ukapita kwa amani.

Lakini hao waliosusa maziko walikuwa na huruma, tena nyingi mno, ila kwa watu wao. Januari 2001 waandamanaji walipopigwa risasi Pemba na wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya, kila aliyewaonea uchungu alizidi kumchukia wa upande wa pili, na nani atamlaumu? Mwanasaikolojia Paul Bloom analisema hili sana, kwamba uchungu wa mtu wako ndio unaokutia hamu ya kulipiza. Hata kuzungumza tu hakutoshi. Kongo mashariki mtafiti Elizabeth Levy Paluck alipima mchezo wa redio wa kupatanisha watu, sasa waliowekewa na kipindi cha kuwahimiza wajadiliane baada ya mchezo walitoka na uvumilivu mdogo kuliko waliosikiliza mchezo mtupu, maana wakikaa kujadili ni malalamiko yao ndio yanatoka.

Mie naona kinachotangulia ni hofu kupungua. Julai 2010 ilipigwa kura ya maoni, asilimia 66 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa, yaani aliyeshindwa akajua hatotupwa nje, ndo hapo moyo ukapata nafasi ya kumuona mwenzake. Kweli viongozi wale wawili ilibidi kwanza kila mmoja aijue hofu ya mwenzake, hilo nalikubali kabisa. Lakini matokeo ya 2015 yakafutwa, uchaguzi ukarudiwa Machi 2016, na Pemba kususiana kukarudi, wakati watu ni wale wale, na dini yao ile ile na mioyo yao ile ile.

Kwa hiyo anayetaka watu wa Micheweni, ngome ya upinzani kule Pemba, na wa Donge, ngome ya CCM hapa Unguja, wahurumiane, aanze kuwaambia kura zao zitahesabiwa vipi na atakayeshindwa atakaa wapi.