Rangi za dirisha zisivuke hadi kwenye terminali

Chukua mtu wa Mtwara anayetumia Emacs, programu ya kuhariri maandishi, aliyeiwasha kwa `emacs --daemon` (inakaa nyuma ikingoja kufunguliwa) kwenye kompyuta ya ofisini, Shangani. Mchana anafungua dirisha kwa `emacsclient -c`. Jioni, akiwa nyumbani Ligula, anaingia kwenye kompyuta hiyo kwa ssh na kuandika `emacsclient -t`, inayofungua Emacs ileile ndani ya terminali, skrini ya amri. Faili ni zilezile, kazi iko palepale alipoiacha, lakini maandishi hayasomeki: herufi nyeusi za dirisha la mchana zimekaa juu ya terminali nyeusi.

Wengi huita hii hitilafu ya Emacs. Mimi nakataa. `(set-face-foreground 'default "#222222")` bila kutaja fremu (kila dirisha au terminali ambamo Emacs imefunguliwa) maana yake ni fremu zote, zilizopo na zitakazofunguliwa. Emacs imetii ilichoambiwa.

Dawa inayoshauriwa mara nyingi ni `(if (display-graphic-p) ...)`, yaani kuuliza kama kuna dirisha, ndani ya `init.el`, faili ya mipangilio ya Emacs. Kwa anayetumia daemon haifai kitu. Faili hiyo husomwa mara moja, kabla dirisha lolote halijafunguliwa, kwa hiyo jibu ni `nil`, yaani hapana, na rangi za dirisha haziwekwi kabisa. Kuna wanaohamia kwenye `after-make-frame-functions`, orodha ya amri zinazoendeshwa kila fremu mpya inapofunguliwa. Hiyo inafanya kazi mradi fremu itajwe kila mara. Ukiisahau kwenye mstari mmoja tu, kufungua terminali kunabadilisha na dirisha lililokuwa wazi. Hapo ndipo `unspecified-bg`, rangi yenye maana kwenye terminali pekee, inapoingia dirishani na Emacs kulalamika kwamba haiwezi kuipakia.

Mimi ningeandika sharti ndani ya rangi yenyewe (`tty` ni terminali, `t` ni fremu yoyote):

```
(custom-set-faces
 '(default
   ((((type tty)) :background "unspecified-bg"
                  :foreground "unspecified-fg")
    (t :background "#fdf6e3" :foreground "#222222"))))
```

Sharti hili hupimwa upya kwa kila fremu. Terminali inabaki na rangi zake, dirisha linapata zake, na mandhari uliyoipakia kwa `load-theme` haiwezi kulipiku. Mpangilio una uzito: sharti la kwanza linalokubali ndilo linalotumika, kwa hiyo `t` ikitangulia, `tty` haitafikiwa kamwe. Kama `custom-set-faces` imo tayari kwenye faili, ongeza humohumo. Iwe moja tu. Kisha futa mistari yote ya zamani ya `set-face-...` isiyotaja fremu, maana ikibaki itashinda, na uzime daemon uiwashe upya. Kuipakia faili tena hakuondoi kilichokwisha kuwekwa.

Ukitaka menyu nayo itofautiane kati ya dirisha na terminali, ina mahali pake, `window-system-default-frame-alist`, ambapo `nil` ni terminali na `x` ni dirisha la X, mfumo wa madirisha wa Linux. Emacs iliyojengwa kwa Wayland, mfumo mwingine wa madirisha, hujiita `pgtk`, na hapo kipengele cha `x` hupuuzwa kimyakimya.

Kabla ya kulaumu rangi, endesha `M-: (display-color-cells)`, inayotaja idadi ya rangi, kwenye terminali. Ukiona 8, tatizo ni lingine: mandhari nyingi zinazokuja na Emacs hudai angalau rangi 89. Ndani ya tmux, programu inayogawa terminali moja kuwa nyingi, kisababishi cha kawaida ni `TERM`, jina la aina ya terminali, iliyoandikwa `screen`. Weka `set -g default-terminal "tmux-256color"` kwenye `.tmux.conf`, funga tmux yote, halafu ufungue terminali mpya.