Bulabo ije mjini, au mji uende Kisesa?

Kila mwaka Juni ikikaribia, hoja moja hurudi vijiweni Mwanza: kwa nini Bulabo, sikukuu kubwa ya ngoma za Wasukuma, isihamishiwe mjini? Wanaoitoa ni watu makini. Ni wenye nyumba za kulala wageni, vijana wanaoongoza watalii, hata walimu. Wanasema inafanyika Bujora, Kisesa, wilayani Magu, kilomita kama 20 kutoka katikati ya jiji kwa barabara ya Musoma, wakati Kirumba, mjini, kuna uwanja mkubwa wa mpira wenye majukwaa na mageti ya kukatia tiketi. Iletwe pale, iunganishwe na maonesho ya biashara, na Mwanza ipate tamasha moja linalojulikana mbali, kama Zanzibar ilivyo na Sauti za Busara.

Sehemu kubwa ya hoja hiyo naikubali. Ila pale inapoishia sikubaliani napo hata kidogo, na sababu yangu haitokani na kupenda mambo ya kale kwa kuwa tu ni ya kale. Inatokana na namna ngoma yenyewe inavyompata mshindi.

Kwa ambaye hajawahi kufika, mambo yako hivi. Tangu karne ya 19 wacheza ngoma wa Usukuma wamegawanyika katika vyama viwili, Bagika na Bagalu, wanaofuata nyayo za Ngika na Gumha, waganga na mafundi wa ngoma waliokuwa wakishindana nani zaidi. Miaka ya 1950, Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliona kwamba Msukuma aliyebatizwa hana sababu ya kuiacha ngoma yake nje ya mlango wa kanisa. Ngoma ikaingia ibadani, na Sikukuu ya Ekaristi ikawa pia msimu wa mashindano. Hiyo ndiyo Bulabo.

Siku ya mashindano, Bagika na Bagalu hupangwa kwenye uwanja mmoja wakiachana nafasi, kisha huanza kucheza kwa wakati mmoja. Hakuna anayemsubiri mwenzake amalize. Watazamaji wako katikati, na wanaamua kwa miguu yao: wakivutiwa na hawa wanawasogelea, wakisikia shangwe kule wanageuka na kukimbilia kule. Kundi lililozungukwa na watu wengi ndilo limeshinda. Ndiyo maana wachezaji wa Kisukuma wamebuni kila aina ya kivutio. Bayeye wanaingia na chatu. Bununguli wana ngoma yao iliyotokana na uwindaji wa nungunungu. Wa Bugobogobo wanarusha majembe juu na kuyadaka. Wapo wanaopanda miguu ya miti mirefu, na wapo waliozoea kutafuta dawa ya mvuto kabla hata ngoma haijapashwa moto.

Mara ya mwisho nilipokuwa pale nilisimama upande wa Bugobogobo, vumbi likinifika magotini. Jembe la kijana mmoja lilimponyoka na kuangukia nyuma yake. Hakuinama kuliokota. Aliendelea na mikono mitupu, akirusha na kudaka jembe lisilokuwepo, na watu wakamshangilia kuliko wenzake wote wenye majembe. Nikadhani wameshashinda. Mara kelele zikapanda upande wa pili: chatu ametolewa sandukuni. Mama aliyekuwa mbele yangu, mtoto mgongoni, alishika kanga yake akaondoka mbio. Ukuta wa watu ukayeyuka, na kufumba na kufumbua tukabaki wachache tunaohesabika. Mpiga ngoma aliinua macho, akaona uwazi ule, akabadilisha mdundo palepale. Akaupiga mzito na wa haraka, na vijana wakaruka kama waliomwagiwa maji ya baridi. Taratibu watu wakaanza kurudi.

Sasa ihamishie ngoma hiyo kwenye uwanja wa mpira. Watazamaji wako juu, wameketi kwa mujibu wa tiketi. Chini kuna jukwaa moja na mshereheshaji mwenye kipaza sauti. Kundi la kwanza dakika 10, kundi la pili dakika 10, meza ya majaji watatu wenye karatasi. Nani atakimbia? Yule mpiga ngoma atajuaje kwamba anashindwa, na abadilishe mdundo kwa ajili ya nani? Wachezaji watakuwa walewale, majembe na nyoka ni wale wale, ila kitu kilichowafanya Bagika na Bagalu wabuni vyote hivyo kitakuwa kimeondolewa.

Wenye hoja ya mjini watajibu, na wana haki ya kujibu. Watasema mtoto aliyezaliwa Buhongwa au Nyegezi, ambaye Kisukuma anakisikia kwa bibi tu, hatafika Kisesa. Kutoka Buhongwa mpaka Kisesa ni kuvuka jiji zima, na familia ya watu watano ikipiga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi, maji na chakula, inaona heri ibaki nyumbani. Hilo ni kweli na linaniuma. Sensa ya 2022 iliukuta Mkoa wa Mwanza na watu zaidi ya milioni 3.6, na ninaamini wengi wa vijana wao hawajawahi kuiona Bulabo kwa macho, ingawa wameiona kwenye simu. Utamaduni usioonekana na vijana hauna muda mrefu.

Watasema pia habari ya fedha. Mgeni anayelala mjini na kwenda Kisesa asubuhi hutumia fedha yake mjini hata hivyo, lakini yule ambaye angekuja kwa sababu tamasha lipo jirani na hoteli yake hatujawahi kumpata. Sauti za Busara inafanyika Ngome Kongwe, katikati ya Mji Mkongwe, tangu 2004, na Februari ikifika wenye hoteli wa pale wanajua. Huo ni mfano mzuri, ila tuutazame vizuri. Sauti za Busara ni tamasha la wanamuziki wanaosimama jukwaani na kuwaelekea watazamaji. Lilizaliwa hivyo. Ukitaka kulihamisha kutoka ngomeni, utapata taabu ya spika na nyaya tu. Mfano unaotufaa zaidi naona ni Bagamoyo. Tamasha la TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, lipo pale, zaidi ya kilomita 60 kutoka Dar es Salaam, umbali mara tatu wa Mwanza na Kisesa, na watu wa Dar hulifuata kulekule.

Kuna jambo lingine linalosahauliwa tunapozungumzia kuunganisha Bulabo na maonesho ya biashara. Pembeni ya uwanja wa ngoma hukosi kumwona mama ametandika kanga chini, juu yake michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga za kukaanga katika vifuko vidogo. Niliposalimia, "Mwadila, mayu," alinijibu kisha akanionjesha tobolwa kabla sijauliza bei. Duka lake ni kanga. Maonesho ya biashara yana utaratibu wake: banda linakodiwa, ukubwa unapimwa kwa mita, mwenye kulipa zaidi anakaa karibu na lango. Sisemi utaratibu huo ni mbaya, maana mwenye kuuza matrekta na mwenye benki wanauhitaji. Nasema mayu huyu ataishia nje ya geti, na michembe itauzwa ndani na mtu mwingine, katika mfuko wenye nembo, kwa bei ambayo watu wa Kisesa hawaiwezi.

Maonesho yenyewe siyapigi vita. Tena nayapenda, na naona mjini ndipo mahali pake. Yale ya Afrika Mashariki yanayoandaliwa na TCCIA Mwanza, chemba ya wafanyabiashara, yanahitaji barabara, umeme na wateja wa jirani. Nane Nane ya Kanda ya Ziwa Magharibi, yaani Mwanza, Geita na Kagera, inafanyika Nyamhongolo, na wapo wanaoilaumu kwamba imegeuka gulio la vyombo vya plastiki na nguo za watoto. Ni kweli sufuria zimejaa. Lakini familia iliyokuja kununua sufuria ndiyo inayopita pia kwenye vipando vya mtama na mihogo, na mbele ya wataalamu wa pamba wa TARI Ukiriguru, kituo cha utafiti wa kilimo, na kwenye mabanda ya ufugaji wa samaki. Katika banda mojawapo la samaki nilimkuta mzee aliyetoka ng'ambo, Sengerema, akiangalia mfano wa kizimba, yaani wavu wa kufugia samaki ziwani. Mtaalamu alikwisha eleza chakula, vifaranga vya sato, mikopo. Mzee akauliza, "Wavu ukipasuka usiku, samaki wakatoka, ni wa nani?" Mtaalamu alinyamaza kidogo, kisha akavuta karatasi na kuanza kuchora wavu wa tabaka mbili. Swali kama lile ndilo faida ya maonesho. Na tangu daraja la Kigongo–Busisi, linalovuka ziwa kuelekea Sengerema, lilipofunguliwa Juni 2025, wazee kama yule hawana tena foleni ya kivuko, kwa hiyo maswali yataongezeka.

Nyamhongolo nayo iko upande huohuo wa kutokea jijini kwa barabara ya Musoma. Jiji limeshajifunza kuelekea huko kila Agosti kwa mamia ya daladala. Kutoka hapo mpaka Kisesa imebaki hatua fupi tu, kwa hiyo sikubali tukiambiwa kwamba Bujora ni mbali. Kinachokosekana ni mpango wa usafiri.

Hapo ndipo wenzangu wa upande wa pili wananishinda, na nakiri. Ukiwaambia watu waende Kisesa, lazima kuwe na kitu cha kuwapokea. Vyoo vya kutosha vinahitajika, na maji, na kivuli kwa wazee, na zaidi ya yote usafiri wa kurudi usiku, maana ngoma ikikolea haitazami saa. Bujora ina mali isiyopatikana Kirumba hata kwa fedha: kanisa lililojengwa kwa sura ya Kisukuma, jumba la makumbusho la tangu 1968, ngoma za watemi, jengo lenye umbo la kiti cha enzi. Mtoto wa Buhongwa akifikishwa pale anaona ngoma na historia yake kwa nauli moja. Shule zingeweza kukodi mabasi kwa pamoja.

Serikali imeonesha kuijali Kisesa. Rais Samia Suluhu Hassan alisimikwa jina la Chifu Hangaya katika tamasha la utamaduni wilayani Magu, Septemba 2021. Ugeni wa namna hiyo huleta umeme na barabara, na tunauhitaji. Huleta pia mahema na safu za viti, na hapo waandaaji wawe macho. Penye viti watu huketi, na wakiketi hawakimbii. Wageni waheshimiwa wawekewe hema upande mmoja, uwanja wa katikati ubaki wazi kabisa, na hotuba zimalizike kabla ngoma hazijawashwa.

Baada ya hapo kuna suala dogo ambalo lingeanza kusaidia hata bila shilingi nyingi, nalo ni tarehe. Bulabo inafuata Ekaristi, na Ekaristi inafuata Pasaka. Mwaka 2024 Alhamisi ya Ekaristi ilikuwa Mei 30, mwaka 2025 ikawa Juni 19. Mgeni wa Arusha au Kampala anayeambiwa tu "ni mwezi wa sita" hawezi kukata tiketi. Lakini Pasaka inajulikana miaka mingi mbele. Kwa mwaka 2027 Ekaristi itaangukia Alhamisi ya Mei 27, na makanisani Jumapili ya Mei 30. Jiji na Wilaya ya Magu wanaweza kuibandika tarehe hiyo leo stendi ya Nyegezi, stendi ya Nyamhongolo na kwenye kila mapokezi ya hoteli.

Itakuwa mapema kuliko kawaida. Pamba nyingi itakuwa bado shambani, na mkulima ambaye hajauza pamba hana fedha ya kununulia jembe jipya la ngoma wala nauli ya kundi zima kutoka vijijini. Kamati za Bagika na Bagalu zinapaswa kuambiwa mapema, pengine kuliko hata watalii.